Chati Iliyokuwa Kabatini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, mgongo wa shemeji umetulia tangu aache kujifanya kijana wa kubeba saruji, na wapwa zangu wanasoma kwa bidii pale wanapopumzika kugombania rimoti. Mimi sijambo. Jicho la kulia ndilo zima kuliko mwenye jicho. Nikisimama mlangoni pa karakana nasoma namba za magari yanayopita ng'ambo ya barabara, na juzi nilimsomea muuza duka wa jirani tarehe iliyoandikwa kwenye kopo la rafu ya juu kabisa, akaliondoa haraka kabla wateja hawajasikia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali simu ipo na nyumba zetu zimetenganishwa na vituo vitatu tu vya basi. Simu nimeijaribu mara nne wiki hii. Kila ukipokea unaniuliza kama nimetia dawa, nakujibu nimetia, tunaongea habari za mvua, tunakata. Kwenye karatasi huwezi kuniuliza habari za dawa mpaka nimemaliza. Basi tafuta mahali ukae, ikiwezekana peke yako, usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Nianze na yale unayoyajua, maana nataka tuyapange vizuri mezani kama vipuri vya friji, kisha tuone kipi kilichozidi.

Jina la Tiara ulinipa wewe, siku niliyokimbia na tiara ya gazeti, macho juu, nikatumbukia kwenye msingi wa nyumba ya jirani. Ulinitoa mle huku unacheka na kulia kwa pamoja. Miaka thelathini baadaye nilipokuambia nimejiunga na klabu ya marubani wa kujifurahisha, ulisema wenzangu wakipata akili mbovu hununua pikipiki, mimi nimekwenda kutafuta ndege. Lakini ulielewa. Mtu anayeshinda siku sita kichwa kikiwa ndani ya friji za watu, akinusa maziwa yaliyochacha, siku ya saba anataka nafasi. Nikiwa juu hakuna anayenidai kitu wala kuniuliza barafu itashika lini. Ni kitu pekee nilichokifanya maishani kwa sababu nilikitaka tu.

Sindano unamjua. Yule fundi makochi mwembamba, asiyefungua mdomo ovyo kwa sababu muda mwingi umejaa pini. Ndiye aliyeshona upya viti vya ile ndege yetu ya viti viwili tunayoiita Kuku, kwa vile hairuki juu sana na hupiga kelele nyingi ikitua. Tumeruka pamoja miaka sita. Kabla ya kuondoka, mmoja husoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, mwenzake hugusa kila kifaa kinachotajwa na kujibu. Mafuta, tayari. Mikanda, tayari. Hairuhusiwi kujibu bila kugusa. Sindano alikuwa mkali kwa hilo kuliko kiongozi wa klabu mwenyewe.

Ukungu ulipoanza kwenye jicho la kulia nilidhani ni kioo cha Kuku. Nilikifuta mpaka Sindano akaniuliza kama nakusudia kukitoboa. Baadaye nikajua ukungu unanifuata mpaka nyumbani. Niliwaambia wateja friji zao zimekuwa za njano kwa uzee, na mama mmoja aliapa yake ni nyeupe kama siku ilipotoka dukani, nikamwona mbishi. Hapo ndipo nilipaswa kwenda kwa daktari wa macho. Badala yake nilikuja kwako.

Usijifanye umesahau. Ulikuwa mezani unasahihisha madaftari ya watoto wako wa darasa la kwanza. Nilikuambia kila mwaka daktari wa leseni hunipima macho kwa chati ileile ya herufi, iliyopauka, yenye doa la chai pembeni, na kwamba mara ya mwisho nikiwa nasubiri niliinakili yote kwenye kijidaftari kwa msaada wa jicho zima. Ulinitazama. Kisha ukachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, ukaniziba nacho jicho la kushoto, ukaanza kunihoji mstari kwa mstari. Mstari wa tano ulinishinda, ukanitungia wimbo. Tulicheka mpaka shemeji akaja kuuliza kulikoni. Jioni ile nilirudi kwangu nikijiambia kwamba watu wana dada, lakini mimi nina dada.

Kwa hiyo waliojua siri ile tulikuwa watatu. Mimi, wewe, na Sindano, niliyemwambia mwenyewe kwa kujigamba.

Siku ya kupimwa niliingia chumba cha daktari wa leseni nikipiga mluzi wimbo wako, bila hata kuitazama chati. Akaniambia nikae, nizibe jicho la kushoto, nisome mstari wa nne na wa tano. Nikasoma. Nilisoma kwa mbwembwe, dada, nikijidai kusita kidogo katikati ili ionekane najitahidi. Daktari alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

"Umesoma vizuri sana," akasema. "Ila hiyo chati iko kabatini tangu wiki jana. Hii ya ukutani haina herufi. Ni tarakimu tupu."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Hata hakunikaripia. Aliandika, akagonga muhuri, akanipa karatasi ya kwenda kwa daktari wa macho, na cheti changu cha afya kikabaki kwake. Bila cheti hicho leseni ni picha tu ya kuwekea kumbukumbu. Niliposhuka ngazi nilikuwa na swali moja kichwani: nani amenichongea? Na jibu lilikuja lenyewe, maana miezi miwili nyuma Sindano alinivuta pembeni pale kwenye banda la ndege akaniambia, taratibu kama kawaida yake, kwamba jicho langu limeharibika na niache kuruka mpaka litibiwe. Nilimcheka. Nikaona sasa amekwenda kumalizia kwa daktari.

Wewe hata hukunipitia akilini. Ningekushuku vipi wakati wimbo niliuimba kwa sauti yako?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda klabuni. Vikombe vyetu vya bati umeviona, vile vilivyotundikwa kwenye misumari ukutani. Rubani hutundika chake siku anaporuka peke yake mara ya kwanza, na hukitungua mwenyewe siku anapoacha. Hakuna anayegusa cha mwenziwe, hata kukiosha. Watu walikuwa kumi na mmoja pale, wanasubiri chai. Nilikwenda nikatungua kikombe cha Sindano, kile cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni, nikakidumbukiza kwenye pipa la mafuta machafu. Nikasema msaliti hanywi chai na watu, kisha nikaeleza habari ya chati kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Sindano alilitazama pipa. Nilisubiri akane, nikiwa nimekwisha kupanga maneno ya kumjibu. Hakukana. Alichukua kofia yake akaondoka kwa miguu mpaka barabarani, na tangu siku ile hakukanyaga tena pale. Wote walimwona mwenye hatia, maana asiye na hatia angesema kitu.

Upasuaji ulikuwa mwezi wa nane, na hapo sina la kukulaumu. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, akashangaa kumkuta amekomaa hivyo kwa mtu wa miaka arobaini na moja. Aliniuliza kama niliwahi kuumia, nikakumbuka ile gesi ya friji iliyonirukia usoni zamani, nikanawa na kuendelea na kazi. Ulinisindikiza mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, ukanishikia viatu. Ndani walinifunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja, jicho likabaki peke yake kama limetengwa na ukoo. Sikulala. Niliona mwanga mweupe ukivunjika vipande vipande, maji yakipita juu yake, nikasikia mashine ikilia kwa sauti ya chini na daktari akimhadithia muuguzi habari za bomba lake la jikoni linalovuja. Nilitaka kumwambia kuhusu bomba lile, muuguzi akanifinya mkono ninyamaze. Dakika ishirini, lenzi yangu mbovu ikawa imetoka na mpya imekaa.

Kesho yake walipoondoa kikinga cha plastiki, kitu cha kwanza nilichokiona ni gauni lako. Kumbe lilikuwa jeupe. Nililia, nawe ukalia, ukanikataza kulia kwa sababu ya mshono ambao hata haukuwepo.

Sikuruhusiwa kuinama wala kunyanyua kitu, na fundi friji asiyeinama ni pambo la nyumba. Ulihamia kwangu siku kumi na nne. Mara nne kwa siku uliniegemeza kwenye kile kiti cha sebuleni, ukanifungua jicho kwa vidole viwili, ukanitia dawa. Na mara nne kwa siku, kwa vile sikuwa na kazi nyingine, nilimtukana Sindano. Nilimwita nyoka, nikamwita mzandiki. Nilisema roho yake ni nyembamba kama mwili wake. Nilisema siku nikimkuta barabarani nitavuka upande wa pili. Unakumbuka ulinijibu nini? Kila mara ulinijibu neno lilelile.

"Tulia, usikunje uso. Dawa itamwagika."

Sasa nafika kwenye usilolijua.

Siku ya kurudi kwa daktari wa leseni ilikuwa Jumanne, mwisho wa mwezi wa tisa. Alinikaribisha vizuri, akafungua faili langu mezani, kisha akageuka kwenda kabatini kutoa chati, akinitania kwamba leo atatumia ya Kichina. Faili lilibaki wazi, limeelekea upande wake. Mimi kusoma maandishi yaliyogeuka ni kazi yangu, vibandiko vyote vya friji nimevisoma kichwa chini miguu juu. Na jicho lilikuwa jipya, lina hamu ya kusoma kila kitu. Juu kabisa kulikuwa na karatasi ya daftari ya mistari, wino wa bluu, na chini ya jina langu mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Mistari miwili, dada. Kama unavyopiga chini ya jina la kila mtoto.

Nilisoma hivi: "Mimi ni dada yake wa damu. Herufi za chati yako amezikariri zote, na aliyemkaririsha ni mimi. Tafadhali ibadilishe kabla hajaja, na usimwambie."

Daktari aligeuka na chati yake. Niliisoma mpaka mstari wa mwisho, ule mdogo ambao hata vijana huubahatisha. Machozi yalikuwa yananitoka, akaniambia ni ukavu wa kawaida baada ya upasuaji, akaniandikia ile dawa ya mara moja kwa siku unayoniuliza kila ukipiga simu. Cheti alinirudishia, lakini kwa sharti. Miezi sita ya mwanzo nisiruke peke yangu. Rubani mwingine anayeijua ndege ile akae kiti cha pili. Na wenye kibali cha kurusha Kuku, katika klabu nzima, ni wawili.

Nilikwenda kwa Sindano moja kwa moja, karatasi ya daktari ikiwa mkononi. Nilimkuta anapigilia kitambaa kwenye kochi lililolazwa kifudifudi. Hakuacha kazi. Nilisimama mlangoni nikamwambia nimemkosea, nimeona barua, nimejua ni nani. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichofunga kifundoni mwa mkono, akaniuliza nimeionaje. Nikamweleza. Akatikisa kichwa akasema daktari huyo ni mzembe.

Kisha akaniambia yale ambayo wewe ulipaswa kuniambia. Kwamba ulikwenda kwake Jumatano moja ukijifanya unataka mito ya viti vya shule, ukamuuliza kinagaubaga ninavyoruka. Kwamba hakuweza kukudanganya, akakusimulia habari ya trekta. Mimi trekta hilo nilikuficha, nikidhani nimekuficha. Nilikuwa natua, jua mbele yangu, na mkata nyasi alikuwa na trekta lake katikati ya njia. Sikumwona. Sindano ndiye aliyeushika usukani akaivuta Kuku juu, tukapita kichwani mwa yule mtu mpaka kofia yake ikaruka. Nilimwambia Sindano nilimwona, nilikuwa nangoja dakika ya mwisho. Nilisema uongo, na yeye alijua.

Ulimtaka aandike kwa daktari. Alikataa, akasema atanieleza mimi usoni. Akanieleza, nikamcheka. Ndipo ukaandika wewe.

Nilimuuliza Sindano kwa nini hakusema, siku ile mbele ya watu, pipa likiwa limemeza kikombe chake. Neno moja lingetosha. Alikivuta kitambaa cha kochi mpaka kikakaza.

"Rafiki wa uwanjani utapata mwingine," akasema. "Dada unaye mmoja."

Dada, nataka unielewe vizuri, kwa hiyo nalisema bila kona. Barua ile haikuniuma kwa sababu uliiandika. Usingeandika, leo mkata nyasi angekuwa kaburini na mimi pengine kando yake. Uliokoa watu, na ujasiri wa kumwambia daktari kwamba mfundishaji alikuwa wewe, mimi nisingeuweza. Hata kunicheza shere kwa wimbo wako ningekusamehe, ingawa mpaka leo mstari wa tano unaniimbia kichwani nikiwa naosha vyombo, na nauchukia. Ninachoshindwa kukimeza ni zile siku kumi na nne. Ulikuwa umeniinamia, pua yako inakaribia kugusa yangu, unanisikia nikimtukana mtu asiye na kosa, ambaye alikuwa amekubeba mgongoni kwa kunyamaza kwake. Mara hamsini na sita, nimezipiga hesabu. Ungeweza kuniambia hata ile ya mwisho. Mtu baki alinyamaza ili nisikupoteze. Wewe ulinyamaza ili usionekane. Umenisaliti, dada, na sikulijua neno hilo lina uzito gani mpaka nilipolitumia kwa mtu mwingine kimakosa.

Sasa na mimi nikiri langu. Sindano amekubali kukaa kiti cha pili. Hakunipa sharti lolote ila moja: nisikuambie kamwe kwamba najua. Alinitaka nimpe mkono, nikampa. Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita. Nilidhani nitaweza, lakini kila ukiniuliza habari za dawa nahisi vidole vyako viwili kwenye kope zangu. Kwa kukuandikia hivi nimemvunjia ahadi mtu pekee kati yetu watatu ambaye hajamdanganya yeyote. Nitamwambia hivyo mwenyewe, na akikataa kupanda Kuku nami, ana haki.

Jumamosi ijayo saa tisa alasiri nitakuwa klabuni. Nimetafuta kikombe cha bati cha bluu nikakipata, ingawa hiki hakijabanduka. Kwa desturi yetu, aliyetungua kikombe cha mwenziwe ndiye anayekirudisha msumarini, mbele ya walewale waliomwona akitungua. Nitakitundika na kusema nilimkosea Sindano. Wataniuliza, maana nawajua: kama si yeye, basi alikuwa nani? Nimekwisha kuvunja ahadi moja, ila hii nakuahidi wewe na sitaivunja: sitakutaja. Nitasimama pale kama alivyosimama yeye, nitazame pipa. Ukiwa umekuja, utajibu mwenyewe. Usipokuja, watu watanywa chai yao na hakuna atakayejua, ila mimi na yeye tutakuwa tumekuona hukuja.

Basi la saa nane linakufikisha kwa wakati.

Msalimie shemeji, mwambie feni yake ipo tayari ila asiiache tena juani. Wabusu wapwa zangu, na yule mdogo mwambie mjomba anaona sasa, hataweza tena kunitolea ulimi kwa upande wa kulia. Nakusalimu wewe pia, kwa moyo uleule uliojeruhika, maana mwingine sina.

Ni mimi mdogo wako,
Tiara

Tanbihi: Dawa nimetia mwenyewe leo asubuhi. Haikumwagika.